Gokati Ikikuharibikia Katikati ya Mzunguko

Gokati (kigari kidogo cha mbio kisicho na paa) ya kukodi ikipoteza nguvu au injini ikizimika ghafla, inua mkono mmoja juu mara moja ili walio nyuma yako watambue kwamba umepunguza mwendo, kisha iache iserereke taratibu hadi ukingoni mwa njia bila kukata mbele ya wengine. Ikishasimama, baki kitini ukiwa umevaa helmeti, hadi wahudumu watakapopeperusha bendera ya njano ya kutahadharisha madereva na mmoja wao kukufikia. Hamu ya kushuka na kuisukuma ni kubwa, hasa kwa vijana, lakini dereva anayetoka kwenye kona, naye ameketi karibu kabisa na ardhi, huenda asikuone mpaka awe amekukaribia mno, na mtu aliyesimama hana hata bampa ya kumkinga.

Tatizo ninaloliogopa zaidi ni pedeli ya mafuta kukwama ikiwa chini. Hapo kanyaga breki kwa nguvu zako zote, na kama kuna swichi ya kuzima injini mahali unapoifikia, izime. Kwa hiyo uliza ilipo kabla ya kuondoka. Katika mwendo wa kawaida usikanyage pedeli zote mbili kwa pamoja, kwa sababu klachi hupata joto na kuungua.

Moto ukionekana, toka upesi kupitia upande usio na injini, ukiangalia kwanza magari yanayokuja, na usiguse bomba la moshi, kwani huunguza ngozi hata baada ya injini kuzimika.