Injini ya gemu: uchukue iliyopo au uunde yako?

Vijana wengi hapa Kampala wakitaka kutengeneza gemu wanaanza na swali la injini, yaani ile programu iliyotengenezwa tayari unayojengea gemu juu yake: Unity au Godot au niandike yangu, na gemu yenyewe hawajaijua bado. Geuza hiyo. Kaa chini uandike gemu yako inafanya nini, ndipo uanze kutafuta injini.

Tuchukue omweso, ule mchezo wa bao wa Uganda. Ubao una mashimo 32, kila mchezaji kete 32, mnapanda kinyume cha saa, kete ya mwisho ikiangukia shimo la ndani lililokuwa na kete, na yale mashimo mawili ya mwenzako yanayolitazama yote yana kete, unazibeba zote unaanza kupanda tena kutoka pale ulipoanzia mzunguko huo. Sasa hizo sheria hakuna injini itakuandikia, utaziandika mwenyewe hata ukichukua injini kubwa kama Unreal, na wala si kazi kubwa. Kazi iko kwingine. Mtu anacheza, simu inaita, Android inaisukuma gemu nyuma, akimaliza kuongea anarudi anakuta skrini nyeusi manake picha zote zilifutwa kwenye memori na msimbo (code) ulioandika haukujua kuzipakia upya. Injini iliyopo imeshashughulikia hiyo kitambo. Ukiunda yako ni wewe, pamoja na sauti, skrini za saizi zote, na masharti mapya ambayo Google Play inaleta kila mwaka.

Kuhusu pesa, injini nyingi hulipii mwanzoni, kwa hiyo soma leseni. Unreal inachukua asilimia 5 ya mapato, lakini mpaka gemu ipitishe mapato ya dola milioni 1. Unity Personal ni ya bure kama mapato yako kwa mwaka hayafiki dola 200,000. Godot ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu tangu 2014. Ila kumbuka leseni zinabadilika: Septemba 2023 Unity walitangaza watatoza kwa kila gemu inayoinstolewa, watu wakachachamaa, na mwaka 2024 wakaifuta. Ndiyo maana nasema sheria za gemu yako ziweke kwenye mafaili ya peke yake, zisichanganyike na mambo ya injini, siku ukihama unahama nazo.

Kuunda yako kuna maana lini? Pale gemu inapohitaji kitu ambacho injini zilizopo zinakifanya vibaya, au inahitaji vitu vichache sana hadi injini nzima inakuwa mzigo wa bure. Au unataka kujifunza, na hiyo ni sababu nzuri kabisa, naiheshimu, ila usimuahidi mteja tarehe juu yake. Na usidhani waliofaulu walianza na sifuri. Minecraft iliandikwa kwa Java juu ya laibrari (mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari) ya LWJGL, Stardew Valley ya 2016 mtu mmoja aliitengeneza na XNA, vifaa vya Microsoft vya kutengenezea gemu. Hiyo njia ya katikati watu wanaisahau: unachukua laibrari kama raylib au SDL ikufungulie dirisha, ikuchoree picha, ikupigie sauti, yanayobaki unaandika mwenyewe. Kwa gemu ya karata kama matatu inatosha.

Bado hujaamua? Tafuta simu ya bei ya chini kabisa ambayo wachezaji wako wanayo, ile Itel au Tecno ya RAM ya GB 2, si simu yako. Tengeneza skrini moja tu kwenye injini unayoifikiria, ubao na kete zinazosogea, itoe APK, lile faili la kuinstolia kwenye Android, uiweke humo. Angalia inachukua muda gani kufunguka, simu inapata moto au hapana, faili ni MB ngapi, manake mtu anayenunua bando la siku hatadaunlodi gemu nzito ya omweso. Ikipita, chukua hiyo injini uanze kazi leo. Ikikataa, jaribu nyepesi zaidi, na hizo nazo zikikataa ndipo ufikirie kuunda yako.