Kupima mkono na kifundo cha mkono kilichoumia, kabla hujaandika "ameteguka"

Nyinyi mlioko zahanati na vituo vya afya, matabibu, manesi, wanafunzi wa fiziotherapia, hii nawaandikia nyinyi. Mikono mingi inayonifikia imechelewa, imeshachuliwa na mafuta ya moto weee, na ukifungua daftari la mgonjwa unakuta siku ya kwanza kabisa mtu kaandika "ameteguka", akampa diklofenaki na bandeji, akamwambia nenda nyumbani. Kuteguka kupo, sikatai, lakini kwenye mkono ni jibu unalofikia ukishaondoa mengine yote, na mengine hayo unaweza kuyaondoa kwa vidole vyako na peni, hata kama eksirei iko wilayani na umeme umekatika.

Hatua ya 1: Uliza kwanza, usiguse

Anatumia mkono upi? Kazi yake nini? Fundi cherehani akipoteza hisia kwenye ncha ya kidole cha shahada ni habari nyingine kabisa na mlinzi wa usiku. Aliangukaje, alijikinga na kiganja au alipigwa? Saa ngapi? Ana kisukari? Sindano ya pepopunda lini? Na wakati anaongea, mvue pete, zote, hata kama anasema haibani, maana baada ya saa 2 kidole kikivimba mtaitafuta koleo.

Hatua ya 2: Tazama mikono yote miwili pamoja

Muweke mgonjwa aketi, mikono juu ya meza, viganja vikitazama juu, ailegeze. Mkono mzima ukilegea vidole vinajikunja vyenyewe, cha shahada kidogo, vinavyofuata zaidi na zaidi mpaka cha mwisho. Ukiona kimoja kimenyooka peke yake katikati ya wenzake na kuna jeraha la panga au chupa kiganjani, kano ya kukunja imekatika, hata kama jeraha lenyewe ni dogo kiasi kwamba ulitaka kushona nyuzi 2 tu.

Kifundo kilichopinda kama uma wa kulia ukiutazama kwa ubavu, hasa kwa bibi aliyeteleza bafuni, huyo ni mfupa wa radiasi (ule wa upande wa gumba kati ya kiwiko na kifundo) umevunjika pale karibu na kifundo. Abraham Colles wa Dublin aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 80 na ushee kabla eksirei haijagunduliwa, kwahiyo na wewe macho yako yanatosha kuanzia.

Hatua ya 3: Damu na neva (mishipa ya fahamu), KABLA ya sindano ya ganzi

Hapa jamani naomba msiharakishe. Ukishachoma ganzi hutajua tena kama neva ilikatwa na panga au imelala kwa dawa yako.

Bonyeza kucha iwe nyeupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Halafu gusa taratibu na pamba, mgonjwa kafumba macho: ncha ya kidole cha shahada ni neva ya midiani, ncha ya kidole cha mwisho ni neva ya alna, na mgongo wa mkono pale kati ya gumba na shahada ni neva ya radiali. Nguvu nayo: ainue dole gumba juu kama anasema poa (radiali), aunganishe ncha ya gumba na shahada watengeneze duara zuri (midiani), apishanishe kidole cha kati juu ya cha shahada (alna). Mtoto mdogo hatakujibu, analia tu, basi mtumbukize vidole kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu saa hivi, kidole ambacho neva yake imekatika ngozi haikunjamani kama wenzake.

Hatua ya 4: Bonyeza kwa kidole kimoja, na hapa ndipo skafoidi (mfupa mdogo wa kifundo, upande wa gumba) inapokamatwa

Kijana wa boda kadondoka, kajikinga na kiganja, kifundo kimevimba kidogo tu na anaweza kukichezesha. Huyu ndiye anayeandikiwa "ameteguka". Mwambie ainue gumba juu, utaona kishimo kinatokea chini ya gumba upande wa kifundo kati ya kano mbili, bonyeza humo kwa ncha ya kidole chako. Halafu geuza kiganja, bonyeza kile kinundu kwenye mkunjo wa kifundo chini ya gumba. Mwisho shika gumba lake ulisukume kuelekea kifundoni kwa urefu wake. Linganisha na mkono usioumia kila mara, maana kile kishimo hata mtu mzima wa afya ukikibonyeza kwa hasira anaruka.

Panapouma hapo, mchukulie ana skafoidi iliyovunjika mpaka uthibitishe vinginevyo, HATA KAMA eksirei ya siku ya kwanza ni safi. Ufa wa skafoidi mara nyingi hauonekani mwanzoni. Mfunge banzi au hogo (plasta ngumu), mrudishe baada ya siku 10 mpaka 14, umpime upya na picha upya. Sababu ya kusisitiza hivi ni kwamba damu ya mfupa huu inaingilia upande wa mbali, wa vidoleni, ndio irudi nyuma, kwahiyo ukivunjika kiunoni, yaani katikati yake, kile kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa, mfupa ukakataa kuunga, na miaka baadaye kijana wa miaka 30 ana kifundo kilicholika kama cha mzee. Wiki mbili za banzi kwa mtu ambaye pengine hajavunjika ni hasara ndogo sana ukilinganisha na hiyo.

Eksirei nayo uombe ya kifundo, ya mbele na ya ubavu, na useme unaitafuta skafoidi ili mpiga picha aongeze mikao yake. Kwenye ya ubavu angalia radiasi, mfupa wa lunati na wa kapitati (mifupa midogo ya kifundo inayofuatana) vimekaa mstari mmoja, kikombe ndani ya kikombe. Lunati ikiwa imemwagika mbele, hiyo ni rufaa ya leoleo.

Hatua ya 5: Vidole, kimoja kimoja

Shika kidole kiungo cha kati kikiwa kimenyooka, mwambie akunje ncha tu: unapima kano ya ndani. Halafu shikilia vidole vingine vyote vinyooke, akunje hicho kimoja: kano ya juu. Anaweza kukunja lakini anaumia sana? Huenda imekatika nusu, rufaa. Ncha imening'inia haiinuki baada ya kupigwa na mpira, funga banzi ncha ikiwa imenyooka wiki 6 mpaka 8, usiku na mchana, akiiachia ikunje hata mara moja mnaanza kuhesabu upya. Mfupa wa kiganja ukivunjika mwambie akunje ngumi, kidole kinachopanda juu ya jirani yake kimezunguka na hakitajirudi chenyewe.

Hatua ya 6: Kinachouma bila ajali

Muulize, "Mama, ganzi inakuamsha usiku?" Akijibu "Naamka naukung'uta mkono ndio napata nafuu", umeshafika karibu. Ganzi ya gumba, shahada, kati na nusu ya cha pete, cha mwisho kikiwa salama, ni midiani imebanwa kwenye kifundo. Mkunjishe vifundo dakika 1 nzima, au bonyeza juu ya neva kwa sekunde 30, ganzi ikija ndiyo yenyewe. Uliza ujauzito, kisukari, tezi ya shingo. Banzi la usiku linasaidia wengi, ila nyama ya chini ya gumba ikishapungua usimcheleweshe, mpe rufaa. Cha mwisho kikiwa ndio chenye ganzi, nenda kwenye kiwiko na shingo.

Mama mwenye mtoto mchanga anaumia upande wa gumba juu kidogo ya kile kishimo: afiche gumba ndani ya ngumi, ainamishe kifundo kuelekea kidole cha mwisho, akishtuka kwa maumivu kano za gumba zimevimba kwenye ala yake. Kidole kinachokwama kikikunjwa halafu kinafyatuka, gusa kiganjani kwenye shina lake utasikia kinundu.

Hatua ya 7: Hawa hawalali nyumbani

Kidole kimevimba chote, kimekaa kimejikunja, kinauma ukifuata kano kwa upande wa kiganja, na ukikinyoosha wewe anapiga kelele: usaha uko kwenye ala ya kano. Dalili hizi 4 zilipangwa na Allen Kanavel wa Chicago na mpaka leo ndizo tunazotumia. Kidonda kidogo juu ya konzi, anasema kagonga ukuta, muulize tena peke yake kama ni meno ya mtu, mtazame akiwa kakunja ngumi, osha sana, usishone, anza amoksilini-klavulaneti, rufaa.

Mwenye kisukari aliyechomwa na mwiba tu na mkono umevimba, msimchukulie kawaida. Hapa pwani mkono wa namna hii unaweza kuoza haraka, vidole vinakatwa, na wapo wanaopoteza maisha.

Na yule aliyefungwa mabanzi ya kienyeji au hogo linalobana, vidole vimekuwa vya baridi au ukivinyoosha anaumia kupita kiasi: fungua lote papo hapo mpaka kwenye ngozi, pamba pia, ndipo uandike rufaa. Kwenye karatasi weka mkono anaotumia, kazi yake, saa aliyoumia, majibu ya neva kabla ya ganzi, pepopunda kapewa lini, na namba ya simu ya ndugu aliyekuja naye.