Kabla ya kuchomeka kishikwambi: soketi, kebo na kompyuta

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi ambavyo makarani walivitumia kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu wa Tanzania. Tangu hapo malalamiko ninayokutana nayo ni yale yale mawili: hakijai chaji, au kompyuta haikioni. Ukikikagua, mara nyingi kifaa ni kizima kabisa. Kinachotuchanganya ni kwamba umeme na mafaili hupita kwenye tundu moja na waya mmoja, basi tunadhani ukishachomeka umemaliza vyote viwili. Msimamo wangu ni huu: umeme uchukue ukutani, mafaili uyachukue kwenye kompyuta, na kila kazi uiandae kivyake kabla ya kugusa waya.

Tuanze na umeme. Tundu la USB 2.0, lile la kawaida kwenye kompyuta nyingi za maofisini, limepangiwa kutoa volti 5 na ampia 0.5. Zidisha, unapata wati 2.5. USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa na ulimi wa bluu ndani, hutoa ampia 0.9, yaani wati 4.5. Chaja ya ukutani ya kishikwambi cha kawaida hutoa wati 10 au zaidi. Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 2010 iPad ya kwanza ilipotoka. Ilikuwa na betri ya wati-saa 25 na ilitangazwa kudumu saa 10 ikitumika, maana yake inakula takribani wati 2.5 kila wakati kioo kikiwa kinawaka. Hicho ndicho kiasi kile kile ambacho tundu la kompyuta lingeweza kutoa. Ukiitumia huku umeichomeka kwenye kompyuta, kinachoingia kinaliwa chote, na kifaa chenyewe kilionyesha maandishi kwamba hakichaji. Watu wakadhani kimekufa. Ukizima kioo ilichaji, ila kwa hesabu hiyo hiyo ingehitaji saa 10 na ushee kujaa, ilhali kwa chaja yake ya wati 10 ni saa tatu au nne hivi.

Kwa hiyo kabla hujalaumu betri, tazama umechomeka wapi. Kama huna budi kuchajia kwenye kompyuta, zima kioo, na kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, siyo ya kibodi wala ya kigawanyo cha USB cha bei rahisi kisicho na umeme wake chenyewe. Laptopu mpya zenye tundu dogo la mviringo la USB-C zina afadhali kubwa, maana nyingi zinaweza kutoa ampia 3 kwa volti 5, wati 15. Hizo ni sawa na chaja nzuri.

Ukija ukutani, soma chaja yenyewe. Igeuze ubavuni utakuta maandishi madogo sana ya kijivu. Washa tochi ya simu ikibidi. Mstari wa kwanza unasema inapokea nini, kwa kawaida volti 100 hadi 240, na hiyo inatosha kwa volti 230 za Tanzania na 240 za Kenya. Mstari unaoanza na Output, yaani inachotoa, ndio wa kuzingatia: ukikuta 5V na 1A, hiyo ni chaja ya simu ndogo, itakuchukua usiku mzima. Ukikuta 5V na 2A, sawa. Ampia zikizidi zile za chaja ya asili hakuna madhara, kwa sababu kifaa huvuta kadiri kinavyohitaji. Zile chaja za haraka zinazoandikwa 9V au 12V nazo hazipandishi volti mpaka zikubaliane na kifaa. Kisipokubali, hubaki kwenye 5.

Ninachokiogopa kweli ni chaja feki. Ndani ya chaja pana umbali wa milimita chache tu unaotenganisha umeme wa ukutani na ule unaoingia mkononi mwako, na chaja feki huokoa pesa hapo hapo. Ukiishika ni nyepesi kupita kiasi, maandishi yanafutika kwa kidole, meno yanalegea, na baada ya nusu saa inaunguza. Itupe. Usimpe hata mtu mwingine.

Kuna na ile tabia tuliyoizoea wote ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya meno mawili ya duara iingie. Kile kifuniko cha ndani kiliwekwa ili mtoto asifikie umeme, na plagi hiyo ikishaingia kwa nguvu haikai sawasawa: inagusa na kuachia, inatoa cheche, na chaja inapata moto. Nunua adapta ya meno matatu bapa, bei yake ni ndogo. Msafiri anayekwenda Rwanda, Burundi au Kongo atakutana na kinyume chake, soketi za matundu ya duara, na yeye vilevile atahitaji adapta. Adapta hubadilisha umbo la meno tu, volti hubaki kama zilivyo.

Umeme unapokatika, zima swichi ya soketi. Hatari iko zaidi kwenye kurudi kwake, kwa sababu ukirudi unaweza kuyumba sana kabla haujatulia. Subiri dakika chache, taa zikiacha kucheza ndipo uwashe. Jenereta nayo usiichomekee kifaa kabla haijapata mwendo wake. Na anayehofia kumaliza LUKU, umeme wa kulipia kabla, apige hesabu: uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo hata ukihesabu umeme unaopotea kama joto, uniti moja hivi inatosha kujaza vishikwambi 30 vyenye betri ya wati-saa 25. Darasa zima kwa uniti moja. Sioni sababu ya mwalimu mkuu kukataza vichajiwe shuleni.

Joto halihitaji maneno mengi. Apple hushauri vifaa vyake vitumike penye nyuzi 0 hadi 35, na betri za lithiamu zinafanana tabia hata kampuni zikitofautiana. Dar es Salaam ya Januari na Februari inakaribia ukomo huo hata kivulini, acha juu ya dashibodi ya gari. Usichajie juu ya godoro, chini ya mto, wala vishikwambi vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Kikiwa na kava nene la mpira na kinapata moto, kivue.

Kebo ndiyo inayolaumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Kuna kebo za bei ya chini zilizowekewa zile mbili za umeme peke yake. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zitachaji vizuri tu ukutani, ila ukichomeka kwenye kompyuta, kompyuta haitaona chochote hata ungeweka programu zote za dunia. Kwa hiyo kabla ya siku ya kazi, jaribu kila kebo uliyo nayo kwenye kompyuta moja inayojulikana kuwa nzima, na inayopitisha data ifunge kipande cha selotepu karibu na kichwa. Kebo ndefu na nyembamba nayo hupoteza volti njiani, ndiyo maana chaja ile ile huchaji haraka kwa kebo fupi na kujivuta kwa ndefu.

Kisha angalia tundu la kishikwambi lenyewe. Kikishabebwa mwaka mmoja kwenye begi pamoja na chaki na daftari, tundu hukusanya pamba ya nguo na vumbi jeupe, na kila unapochomeka unalishindilia ndani zaidi. Dalili yake ni kwamba kichwa cha kebo hakizami chote, kinabaki nje kidogo na kinacheza. Zima kifaa, mulika tochi, chukua kijiti kikavu cha meno, kipitishe ukutani mwa tundu, siyo katikati kwenye ulimi wa USB-C wenye vishikizo vyembamba. Mara nyingi kinatoka kidonge kizima cha uchafu. Usitumie pini, na usipulize kwa mdomo, maana unaingiza unyevu. Na kifaa kilichokauka chaji kabisa kikikaa kimya baada ya kuchomekwa, kiache robo saa au nusu saa kabla ya kukikatia tamaa.

Sasa mafaili. Kwetu sababu ya kutumia kebo ni bando. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana mtandaoni, lakini vishikwambi 30 vikipakua kitabu kile kile mara 30, bando la shule limekwisha. Kompyuta moja ikipakua mara moja kisha ikagawa kwa kebo, gharama ni ile ya kitabu kimoja.

Kwenye Android, kinachofanyika kwa kebo hasa ni kunakili. Ukichomeka, kifaa huanza katika hali ya kuchaji tu, na kompyuta haitaoneshwa mafaili. Fungua kioo kwa namba ya siri, vuta arifa kutoka juu, gusa ile inayohusu USB, kisha chagua kuhamisha faili. Hatua hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Windows itakifungua yenyewe. Mac inahitaji programu ya ziada, hivyo ipakue mapema ukiwa na mtandao. Kwa iPad, kwenye Mac zenye mfumo wa macOS Catalina wa 2019 au mpya zaidi kazi hufanywa ndani ya Finder, programu ya Mac ya kufungulia mafaili, na kwenye Windows kwa iTunes au programu ya Apple Devices. iPad itauliza kama unaiamini kompyuta hiyo na kukutaka uweke namba ya siri. Kubali kwenye kompyuta yako au ya ofisi. Kwenye kompyuta ya steshenari usikubali kamwe, maana ukikubali umeipa ruhusa ya kuingia ndani ya kifaa. Mtumie mwenye duka faili la kuchapisha kwa njia nyingine.

Jambo linalopoteza kazi za watu zaidi ni kutojua upande upi ndio wenye asili. Kusawazisha, yaani kuufanya upande mmoja ufanane na mwingine, si sawa na kunakili. Unapoipangia iPad isawazishe muziki au filamu na kompyuta, kompyuta ndiyo mkuu: ulichokiondoa huko kitaondoka na kwenye iPad. Na iPad haichanganyi muziki wa maktaba za kompyuta mbili kwa njia hii. Ukiipeleka kwenye kompyuta ya pili, itakuonya kwamba itafuta vilivyomo na kuweka vya kompyuta hiyo. Onyo lipo wazi, ila mtu mwenye haraka hubonyeza kukubali bila kusoma. Kabla ya kubonyeza chochote, hamisha kwanza kwenda kwenye kompyuta kila kilichozaliwa ndani ya kishikwambi: picha, sauti ulizorekodi, maandishi.

Mfano wa mwalimu ni mgumu zaidi. Jedwali la alama lipo kwenye kompyuta, nakala ipo kwenye kishikwambi, na wiki hii umejaza alama za Kiswahili huku na za Hisabati kule. Ukinakili moja juu ya nyingine, somo moja limepotea. Kuangalia tarehe hakutakuokoa, kwa sababu zote mbili ni mpya. Tena tarehe zenyewe zinadanganya: kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa hurudi miaka nyuma kila inapozimwa, na faili uliloliandika leo linaonekana la zamani kuliko la mwezi uliopita. Hivyo linganisha saa za vifaa vyote viwili kwanza, kisha amua kwamba kuhariri kunafanyika upande mmoja tu, na weka tarehe kwenye jina la faili lenyewe kila unapohamisha.

Angalia nafasi pia. Nakala rudufu ya iPad kwenye Windows huenda kwenye diski C, na inaweza kula makumi ya gigabaiti huku kompyuta nyingi za shule zikiwa zimebakiwa na chache mno. Ukichagua nakala iliyofungwa kwa nywila, itabeba na nywila zako zilizohifadhiwa, jambo ambalo nakala ya wazi haifanyi. Lakini ukiisahau nywila hiyo, huwezi kurudisha kitu kutoka kwenye nakala hiyo. Iandike kwenye karatasi na uiweke mbali na kompyuta.

Siku yenyewe, laptopu iwe ukutani, na iambie isilale kazi ikiendelea, kwani ikilala uhamishaji hukatika katikati na faili hubaki nusu. Kishikwambi kiwe tayari na chaji ya kutosha kutoka ukutani, walau nusu, ili kisitegemee wati mbili na nusu za kompyuta wakati kinaandika mafaili. Ukimaliza, kabla ya kuchomoa, hesabu mafaili ya pande zote mbili, kisha fungua lile la mwisho ukiwa ndani ya kishikwambi chenyewe na ulisogeze hadi ukurasa wa mwisho. Faili lililokatika mara nyingi hukataa kufunguka au hukwama njiani, na ni heri uligundue kebo ikiwa bado imechomekwa.