Jinsi ya kuomba ruzuku ya kurekebisha nyumba ya mwenye ulemavu Uingereza

Kazi yangu ni kukaa mezani na familia na kujaza nazo fomu za pesa za kurekebisha nyumba: rampu ya mlangoni, kiti cha kupandia ngazi, shawa ambayo mtu anaingia na kiti chake cha magurudumu bila kuruka ukingo. Wengi wa wanaonijia kwa Kiswahili wanakuja wamechelewa. Binamu fundi keshaitwa, bafu limeshavunjwa, akiba imekwisha, ndipo wanauliza kama kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lao, itawarudishia. Hairudishi. Basi kabla ya hatua yoyote: usiguse hata tofali moja mpaka barua ya idhini iwe mkononi mwako.

Ruzuku yenyewe inaitwa Disabled Facilities Grant. Ukipiga simu sema tu DFG, watakuelewa. Imewekwa kwa sheria ya mwaka 1996, na kaunsili haina ruhusa ya kumnyima mtu aliyetimiza masharti kwa kisingizio kwamba bajeti imekwisha. Kiwango cha juu ni paundi 30,000 kwa England na 36,000 kwa Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao nyingine, sitaziingilia hapa. Na kwa kuwa wazee wetu huuliza hili kabla ya kunywa chai: si mkopo, na haina riba.

Hatua ya 1: Piga simu huduma za jamii

Piga kaunsili, omba idara ya huduma za jamii za watu wazima, au ya watoto wenye ulemavu kama mgonjwa ni mtoto. Waambie unataka OT aje kuipima nyumba. OT ni mtaalamu wa tiba kazi. Ndiye anayeamua kitu gani ni cha lazima na kinafaa. Kuna maeneo ambako OT yuko kaunsili ya kaunti na pesa ziko kaunsili ya wilaya, na hapo ndipo watu wanapozungushwa kama pia. Uliza siku hiyo hiyo ya kwanza: "Fomu ya DFG inatoka kwa nani?" Andika jina la aliyekujibu na tarehe.

Kama shida ni ndogo, vyuma vya kushikia chooni au kirampu cha kizingiti, huenda huhitaji ruzuku kabisa. England, marekebisho yasiyozidi paundi 1,000 ambayo OT ameyaona ni ya lazima hufanywa bure.

Hatua ya 2: Weka daftari kwa wiki moja

Chukua daftari la kawaida na uandike kila kitu kinachomshinda. Jumatatu: ameogea kitambaa kitandani, hakuweza kuingia bafuni. Jumanne: nimembeba ngazi nane, tukapumzika mara mbili. Jumatano usiku: hakuwahi choo cha juu. Andika na nani alimsaidia, na kama mgongo wa huyo msaidizi unauma. Pima pia milango kwa futi kamba. Nyumba moja niliyoingia, kiti cha magurudumu kilikuwa na upana wa sentimita 64 na mlango wa choo sentimita 61. Namba hizo mbili zilifanya kazi kuliko barua ndefu ya mtoto wake.

Hatua ya 3: Siku ya OT

Hapa ndipo tunapopotezea haki zetu, tena kwa adabu.

Mgeni anakuja, basi nyumba inapigwa deki, mama anavishwa kanga mpya, watoto wanamshusha chini asubuhi na mapema ili mgeni asimkute kitandani. OT anauliza, "Unapandaje ngazi?" Mama anajibu, "Napanda, mwanangu, Mungu anasaidia, alhamdulillah." Kijana anayemtafsiria, naye anaona haya kumweka mama yake uchi mbele ya mgeni, anasema anapanda. OT anaandika: anapanda ngazi mwenyewe. Kwenye faili, sentensi hiyo ina uzito wa muhuri. Nimewahi kukaa miezi kadhaa nikipigania kuifuta.

Mgeni huyu hakuja kusalimia. Mwache mama pale anapokuwaga. Usimshike mkono kumsaidia ila kama ataanguka. Acha OT aone jinsi anavyoshindwa. Jibu kwa habari ya siku mbaya, kisha taja siku mbaya ni ngapi kwa wiki. Omba mkalimani wa kaunsili mapema, ili mtoto asilazimike kutafsiri mambo ya choo cha mzazi wake. Kama mama anaona aibu, mwombe OT mzungumze pembeni kwanza, na mkabidhi nakala ya daftari.

Taja pia yale ambayo OT hatayakisia. Mzee anayetawadha mara tano kwa siku na hawezi kuinua mguu kwenye sinki ana shida ya kujisafisha kama nyingine yoyote. Anayetumia maji chooni na mkono wake mmoja umepooza, sema hivyo. Kuna vyoo vinavyoosha na kukausha vyenyewe, na OT anaweza kukipendekeza akiona kinahitajika.

Hatua ya 4: Kipimo cha kipato

Kwa mtoto chini ya miaka 18 hakuna kipimo cha kipato cha wazazi. Ruka hatua hii.

Kwa mtu mzima, England wanaangalia kipato na akiba ya mwenye ulemavu na ya mume au mke wake. Basi. Hili lirudie kwa sauti, kwa maana nyumba zetu zina watu wengi: kama mama anaishi kwa mwanawe, mshahara wa mwana na wa mkwe hauhesabiwi. Nimekuta familia zilizokaa miaka bila kuomba kwa sababu "kijana anafanya kazi nzuri." Paundi 6,000 za kwanza za akiba haziguswi. Anayepokea Universal Credit au Pension Credit ya uhakika (Guarantee Credit) kwa kawaida hachangii kitu. Ile nyumba ya kupangisha kule Tanga au Mombasa iandike. Fomu inauliza mali, haiulizi mali ya Uingereza peke yake.

Jambo moja nje ya hesabu: kama viza ina sharti la kutotumia fedha za umma, onana na mshauri wa uhamiaji mwenye leseni kabla ya kutia sahihi popote.

Hatua ya 5: Kamilisha maombi

Kifurushi kamili kina fomu, ushahidi wa kipato, makadirio ya bei kutoka kwa mafundi wawili, na hati kwamba mgonjwa anakusudia kuishi hapo miaka mitano, au pungufu kama afya yake haitaruhusu. Mpangaji anaweza kuomba pia. Anahitaji kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi. Usimfuate mwenye nyumba mikono mitupu, nenda na ripoti ya OT.

Binamu fundi anaweza kufanya kazi, lakini fundi akiwa ndugu, kaunsili inaweza kulipia vifaa tu na kuacha ufundi wake. Mwambie mapema, msije mkanuniana kwenye harusi. Kagua pia kodi ya VAT kwenye makadirio: rampu, kupanua milango na mengi ya bafu la mwenye ulemavu hutozwa asilimia 0. Fundi akiandika 20, muulize.

Hatua ya 6: Saa inaanza lini

Kaunsili ina miezi 6 ya kutoa jibu. Lakini miezi hiyo haihesabiwi tangu ulipopiga simu, inahesabiwa tangu maombi kamili yalipopokelewa. Ndiyo maana wengine huambiwa "uko kwenye foleni, subiri" bila kupewa fomu. Andika baruapepe fupi: nataka kuwasilisha maombi rasmi ya DFG, naomba fomu. Hawana haki ya kukukatalia kuomba. Ukipeleka kifurushi, omba risiti yenye tarehe. Wakipitiliza, lalamika kwa utaratibu wa kaunsili kwanza. Usiporidhika, England kuna Local Government and Social Care Ombudsman, na huduma yake ni bure.

Hatua ya 7: Kazi na malipo

Baada ya idhini una miezi 12 ya kumaliza. Fundi analipwa kazi ikikaguliwa na kukubaliwa, kwa hiyo asikudai malipo ya awali mfukoni mwako bila kaunsili kujua. Kabla ya kutia sahihi kwamba umeridhika, mkalishe mgonjwa kwenye kiti cha shawa, fungua maji dakika tano, uone yanakimbilia wapi. Sakafu ikielekeza maji kwenye korido, usitie sahihi.

Gharama zikipita kiwango cha juu, uliza kaunsili kuhusu nyongeza ya hiari. Nyingi zinayo, ingawa hailazimishwi. Na wenye nyumba zao wajue: ruzuku ikizidi paundi 5,000, kaunsili inaweza kuweka alama kwenye hati ya nyumba, na ukiiuza ndani ya miaka 10 ikadai sehemu iliyozidi hapo, isiyopita paundi 10,000.

Siku mafundi wakiondoka, piga simu ya mwisho, idara ya kodi ya kaunsili. Nyumba ambamo kiti cha magurudumu kinatumika ndani, au iliyoongezewa bafu kwa ajili ya mwenye ulemavu, inaweza kutozwa kama ya daraja moja chini. Hawatakupigia wao.