Ndigana Kali: Linda Ng'ombe wa Zizini Dhidi ya Kupe

Nikizunguka Dagoretti, Kangemi na Ruai hapa Nairobi, swali ni lile lile: "Daktari, ng'ombe wangu hatoki zizini, kupe atamtoa wapi?" Anamtoa kwenye nyasi. Mzigo uliokatwa kando ya barabara, mahali ng'ombe wa watu wengine hupita wakila, huja na kupe wake.

Ndigana kali ni ugonjwa wa ng'ombe unaosababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva. Anayekieneza ni kupe wa kahawia apendaye masikio. Lava, yaani kupe mchanga aliyetoka kwenye yai, hazaliwi nacho. Kupe hukinyonya kutoka kwa ng'ombe mwenye kimelea akiwa lava au nimfu (hatua inayofuata lava, kabla hajakomaa), akaanguka, akajibadili, kisha akamwambukiza ng'ombe mwingine.

Hatua ya 1: Kagua masikio kila unapokamua
Hapa ndipo pa kutia bidii. Kupe akishauma, kimelea huhitaji takriban siku tatu au zaidi kukomaa kwenye tezi zake za mate kabla ya kumwingia ng'ombe. Ukimtoa mapema, umemwokoa. Kunjua sikio, pitisha kidole ndani hadi kwenye mikunjo ya chini. Nimfu ni mdogo kama mbegu ya ufuta, kwa hiyo amini kidole kuliko jicho. Tazama pia chini ya mkia na kwenye kiwele. Kupe unaowatoa usiwatupe zizini. Watie kwenye kopo lenye mafuta ya taa.

Hatua ya 2: Nyunyiza dawa kila wiki
Changanya kama lebo inavyosema. Dawa iliyozimuliwa mno huzoesha kupe, kisha haiwaui tena. Nyunyiza ukienda kinyume cha manyoya. Wengi hulowesha mgongo na kusahau ndani ya masikio, makwapa na katikati ya mapaja, na huko ndiko kupe walipo.

Hatua ya 3: Pima joto
Ng'ombe mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3 hivi. Ikipita 40, papasa tezi iliyo chini ya sikio na ile iliyo mbele ya bega. Zikiwa zimevimba, niite mimi au daktari wa mifugo aliye karibu siku hiyo hiyo. Buparvaquone, dawa ya kutibu ndigana, hufanya kazi vizuri mapema. Ukingoja mpaka aheme kwa shida na kutoa povu puani, mapafu yameshajaa maji na dawa huenda isimfae. Uliza pia maziwa yasinywewe kwa siku ngapi.

Hatua ya 4: Chanjeni pamoja
Chanjo ya ndigana iliyotokana na utafiti wa Muguga, hapo jirani Kiambu, hupewa mnyama mwenye afya mara moja, pamoja na sindano ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini. Huhifadhiwa ikiwa imegandishwa kwenye naitrojeni ya maji, yenye baridi kali mno, na mrija mmoja wa chanjo kwa kawaida una dozi 40. Ukishayeyushwa lazima utumike siku hiyo hiyo. Mwenye ng'ombe wawili peke yake gharama itamlemea, kwa hiyo hesabuni ndama wa mtaa mzima kwanza, ndipo mpige simu.