Risasi zikigeuka nyeusi, angalia kwanza zinakokaa

Huku Mufindi ukungu unaingia mpaka kabatini. Nina bunduki ya kibali kwa ajili ya nguruwe pori wanaomaliza mahindi, na risasi zake hazivuki masika na ule unjano wa dukani. Zinakuwa kahawia, halafu nyeusi. Mwaka wa kwanza nilidhani nimeuziwa mzigo wa kale.

Ganda lake ni shaba na zinki, kama 70 kwa 30. Shaba ikipata hewa na unyevu hujivika utando mwembamba. Salfa huongeza weusi, na mipira ya kufungia noti inayo: risasi nilizofunga hivyo zilitoka na mstari mweusi kiunoni. Jasho nalo huacha alama ya kidole. Weusi huo peke yake hauna neno, uache.

Cha kuangalia ni kijani. Ukitunza risasi kwenye mkanda wa ngozi, asidi za kulainishia ngozi hula shaba na kuacha unga wa kijani unaonata. Zirudishe kwenye boksi lake.

Kibaya zaidi ni amonia. Stoo yangu ilipakana na banda la kuku, na ile harufu ya mbolea inayochoma macho alfajiri ndiyo yenyewe. Amonia huipasua shaba ya aina hii. Waingereza waliyaona hayo India karne ya 19, risasi zao zilipokaa karibu na mazizi ya farasi msimu wa mvua. Kwangu tatu zilikuwa na ufa mwembamba kama unywele shingoni. Sikuthubutu kuzipiga, nikazipeleka polisi.

Risasi nzima ifute kwa kitambaa kikavu, basi. Usiloweke, usipake mafuta, na dawa ya kusafishia vioo kaa nayo mbali, nyingi zina amonia.

Maganda matupu ndiyo ya kuosha: maji ya vuguvugu, ndimu moja, kijiko cha chai cha chumvi, dakika kumi, suuza, anika. Mimi niliyasahau usiku kucha, yakatoka ya waridi kama shavu la mtoto. Ndimu imekula zinki, imebaki shaba tupu. Bakuli lisirudi jikoni, maana masizi ya ndani yana ledi, madini yenye sumu, na mikono uoshe kwa sabuni.

Kuku nimewahamishia kwenye miparachichi. Mama watoto anasema nimeipendelea bunduki kuliko kuku.