Jinsi ya kuisikiliza disko mpaka uipe heshima yake

Kwanza achana na spika ya simu, vaa hedifoni nzuri, disko bila besi hujaisikia bado. Weka "Good Times" ya bendi ya Chic, 1979, afu waimbaji waache kabisa, mfuate Bernard Edwards kwenye besi tu, anavyotembea, anavyokata, anavyorudi, maana hapo ndo kundi la rap la Sugarhill Gang walipopata mdundo wa "Rapper's Delight" mwaka huohuo. Rudia, safari hii sikiliza gitaa la Nile Rodgers. Na kuna watu walilipua rekodi za disko uwanjani Chicago Julai 1979, ati muziki gani huu! Mi inaniuma mpaka leo. Ukimaliza weka "I Feel Love" ya Donna Summer, 1977, karibu yote sintesaiza, yaani ala ya kutengeneza sauti kwa umeme, afu unganisha na hausi, ule muziki wa dansi uliozaliwa na disko, yoyote unayoipenda.